Nyota Iliyoitwa Tulia

"Nani kaandika hivi?"

Fundi hakupaza sauti. Angepaza sauti ingekuwa nafuu. Alisimama katikati ya chumba cha kompyuta, daftari la zamu mkononi, kidole chake cheusi kwa grisi kimebandikwa chini ya neno moja.

"Mwandiko wangu huujui?" Popo akamjibu, akiendelea kufungua koti.

"Naujua. Ndiyo maana nauliza."

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja na nusu jioni, saa yao ya kila siku. Fundi alikuwa akimaliza zamu ya mchana ya kuosha, kukaza na kupaka grisi mitambo ya kuba, lile paa la duara linalofunguka juu ya darubini, na Popo akianza zamu ya usiku ya kuziangalia nyota. Kati ya kuondoka kwa huyu na kuketi kwa yule palikuwa na robo saa tu ya makabidhiano. Robo saa hiyo ilikuwa imezaa mapenzi yaliyotimiza mwaka, na mashahidi wake walikuwa darubini moja, viti viwili na birika la umeme lenye mfuniko uliovunjika.

Jina la Popo alipewa na wenzake kazini, maana alilala mchana na kuamka jua likizama. Likamfuata mpaka nyumbani. Siku hizi ukimsikia mama yake anamwita kwa jina la kwenye cheti, ujue kuna kesi.

"Kioo cha kamera kimefutwa nusunusu," Fundi akasoma taratibu. "Picha za alfajiri ya Alhamisi hazifai. Uzembe." Akafunga daftari. "Uzembe, Popo?"

"Nimeandika nilichokiona."

"Ungeniuliza kwanza. Robo saa tunayo kila siku."

"Hapa kazini sina mpenzi, nina vipimo."

Lilimtoka kabla hajalitafuna. Aliona macho ya Fundi, yale macho ambayo kwa kawaida yalimpokea mlangoni kama mtu anayepokea mzigo wa mgeni wake, yakihama kutoka kwake na kwenda ukutani. Moyo ukamchoma, lakini Popo hakuwa mwanamke wa kurudisha neno nyuma kwa sababu limemuuma mwenyewe. Kazi yake aliijua.

Na kweli aliijua. Mwaka wa pili sasa alikuwa akipiga picha za anga, kipande kwa kipande, akitafuta nyota zinazovimba na kusinyaa, zile ambazo mwangaza wake hupanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Ili ujue kwamba nyota fulani imefifia, lazima uilinganishe na jirani yake asiyebadilika. Katika kipande cha sita, Popo aliichagua nyota namba mia nne kumi na saba iwe ya kulinganishia. Kwa mwezi mmoja na nusu aliipima kila usiku saa nne kamili, kama ratiba ilivyotaka, na kila usiku ikampa jibu lilelile. Aliipenda. Akaipa jina: Tulia.

Sasa, Alhamisi Fundi aliwahi kazini ili aoshe vioo kabla ya jua, Popo akiwa ameondoka mapema, na saa kumi alfajiri alipiga picha za majaribio kuona kama kazi yake imekaa sawa. Darubini ilikuwa imeelekea kipande cha sita. Popo alipozipima picha hizo, nyota zote mia mbili za kipande kile zilionekana zimefifia ukizilinganisha na Tulia. Nyota mia mbili haziwezi kufifia kwa pamoja kama taa za mtaa uliokatiwa umeme. Basi kosa lilikuwa la kioo, kilichofutwa vizuri upande wa Tulia tu. Na kioo kilikuwa cha Fundi.

"Haya," Fundi akasema. "Kama hapa sina mpenzi, nijibu kama mpimaji. Hiyo Tulia yako, umeshawahi kuipima saa nyingine yoyote? Si saa nne usiku. Saa nyingine."

"Ratiba ni ratiba."

"Sikuuliza ratiba."

"Unataka kunifundisha kazi?"

"Nataka unijibu."

Fundi akachukua funguo zake mezani, akatoa ule wa chumba cha mitambo na kuutundika msumarini kwa uangalifu, kama anavyofanya kila jioni.

"Profesa anasoma daftari Jumatatu," akasema. "Atasoma na hilo neno. Sawa. Ila kuna jambo lingine nilikuwa nimelikalia, bora niliseme. Mama yako naye ameshaniandika kwenye daftari lake. Alhamisi tatu nimekwenda kwenu, Alhamisi tatu nimerudi kama niliyekwenda kuomba maji nikanyimwa. Jumapili akina Wakili wanakuja. Mimi Alhamisi sitakuja tena."

"Unanitisha?"

"Nakuaga tu vizuri. Mtu halazimishi mlango." Akafika kizingitini, akageuka. Alimwangalia Popo kitambo, mpaka Popo akahisi shingo inapata joto. "Gurudumu la tatu la kuba nimelilainisha. Lakini likikwama, usiingize mkono. Subiri."

Akaondoka zake.

*

Jumapili. Neno hilo lilikuwa limemkaa Popo kooni wiki nzima kama mwiba wa samaki.

Mama yake alikuwa mshonaji, na mshonaji kweli, wa kuwaangalia wateja kutoka ng'ambo ya barabara na kutaja kiuno chao bila kukosea. Futi kamba haikumtoka shingoni hata akipika. Fundi alipokwenda kwao mara ya kwanza, Mama alikuwa amefunga cherehani yake mapema, Alhamisi saa kumi jioni, siku pekee ambayo hakuwa na wateja. Mara ya pili Alhamisi, saa kumi. Ya tatu ikawa jana tu, vilevile.

"Haongei," Mama alisema jana hiyohiyo, Fundi alipokwisha kutoka. "Hanywi chai. Anakaa ukingoni mwa kochi langu kama lina kunguni. Na saa ya ukutani anaiangalia utadhani nimemfungia."

"Alikuwa amechoka, Mama."

"Kachoka kila Alhamisi? Huyo ndivyo alivyo, mwanangu. Anajisikia. Mimi mtu nampima mara moja tu, na nguo inamkaa miaka."

"Mama, humjui."

"Namjua huyu niliyemwona. Shangazi yako katuletea mtu anayejua kuketi na watu."

Huyo alikuwa Wakili. Alifika mara moja, Shangazi akiwa pembeni kumsukumia maneno, lakini hakuhitaji kusukumwa. Alisifia mapazia, akasifia picha za ukutani, akamsifia hata paka, ambaye hajawahi kusifiwa tangu azaliwe. Sasa ndugu zake walikuwa wanakuja Jumapili kutaka jibu, na Mama alikuwa amekwisha kuchagua gauni la kuwapokelea.

Popo angeweza kumkataa Wakili kwa mdomo wake mwenyewe, na angemkataa. Hilo halikumpa shaka hata kidogo. Alichokitaka ni mama yake amkubali Fundi kwa moyo mweupe, maana waliishi wawili tu ndani ya nyumba ile, na hakutaka kuolewa na mtu ambaye Mama atampa chai akiwa ameangalia pembeni. Na sasa huyo mtu mwenyewe, kwa neno lake yeye Popo, ameaga.

"Saa nyingine yoyote," akajisemea, akiigiza sauti ya Fundi kwa dharau. Akaigiza mara ya pili. Mara ya tatu dharau ikawa imeisha.

Akazima simu, kama kawaida ya usiku, maana kioo chake kikiwaka tu kinaharibu giza. Akafungua kuba. Gurudumu la tatu halikukwama. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe: akaiweka ratiba pembeni, akaielekeza darubini kwa Tulia, na kuiacha hapohapo.

Safari hii aliilinganisha na majirani watano kwa mpigo, kila robo saa. Saa tatu, vilevile. Saa nne, jibu lilelile alilolizoea, akatabasamu kwa kiburi. Saa tano, vilevile. Saa sita akaanza kutunga maneno atakayomwambia Fundi kesho.

Saa saba kasoro, Tulia ikaanza kupanda.

Popo akadhani amekosea. Akapima tena. Ikapanda zaidi. Kwa muda wa saa moja na nusu nyota ile iliyotulia mwezi mmoja na nusu ilipaa kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, ikafika juu kabisa, halafu ikaanza kushuka polepole. Saa kumi alfajiri ilikuwa bado inang'aa mno kuliko majirani zake wote. Majirani hawakuwa wamefifia hata chembe, ila mpimaji wao ndiye aliyewaka.

Akapiga hesabu kwa vipimo vya usiku huo na vya mwezi mmoja na nusu. Saa kumi na mbili kamili kutoka kuvimba hadi kuvimba. Ndiyo maana. Kila alipokwenda kuichungulia saa nne usiku, aliikuta imefika palepale, chini, imesinyaa, inapumzika. Alikuwa akimtembelea mtu kila siku wakati wa usingizi wake, halafu akamtangaza kuwa hajui kucheka.

"Mimi," akasema kwa sauti ndani ya kuba tupu. "Mimi mzima na akili zangu."

Aibu ilimshika, lakini haikumkalia. Popo alikuwa na tabia moja ambayo hata maadui zake waliikubali: akikosea, hakuzunguka mbuyu. Na zaidi ya aibu palikuwa na furaha, maana aliyokuwa akiitafuta usiku kwa usiku, nyota nzuri kuliko zote za kipande cha sita, ilikuwa mbele yake wakati wote huo na yeye akiitumia kama kijiti cha kupimia.

Sheria ya daftari ilikuwa hakuna kufuta. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa, liendelee kusomeka, unaandika sahihi na saa. Akapiga mstari. Akaandika.

*

Fundi aliingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uso umevimba kwa usingizi wa mang'amung'amu, akamkuta Popo amesimama mlangoni akimsubiri.

"Hujaondoka?"

"Soma," Popo akampa daftari.

Akasoma. Popo aliangalia midomo yake ikitembea juu ya maneno aliyoyajua kwa moyo: *Kioo ni safi. Fundi hana kosa. Nyota 417 hubadilika kila saa 12, nami niliipima saa ileile tu kila usiku. Uzembe ni wangu.*

"Umeuhamisha uzembe," Fundi akasema.

"Nimeupeleka kwao. Nisamehe. Si kwa sababu ya kioo tu. Kwa lile neno jingine pia."

"Neno gani?"

"Unalijua."

"Nataka kulisikia likipigwa mstari."

Popo akacheka, machozi yakimlengalenga. "Hapa kazini nina mpenzi. Ninaye tangu mwaka jana. Na usipofika kwetu Alhamisi nakufuata kwenu kukuchukua."

Fundi aliweka daftari chini. Alimshika mashavu kwa migongo ya mikono, maana viganja havikuwa safi, akamwangalia kwa namna iliyomfanya asahau kwamba hajalala.

"Kwa mama yako je?"

"Kwa mama yangu niachie mimi. Nimejifunza jambo usiku huu." Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. "Nenda kapande ngazi yako. Nimwandikie Profesa kwanza."

Asichokijua ni kwamba Mama hakuwa mtu wa kuachiwa mtu mwingine. Saa moja na nusu kitanda cha Popo kilikuwa bado kitupu na simu yake haipatikani. Saa mbili kasoro Mama alikuwa amevaa viatu.

Popo alikuwa akimalizia barua aliposikia sauti mbili ndani ya kuba. Moja ya Fundi, akiimba wimbo kwa sauti mbovu isiyo na haya. Nyingine ilimsimamisha kitini. Akakimbilia mlangoni.

Fundi alikuwa juu ya ngazi, kichwa na mabega yamezama kati ya magurudumu. Chini ya ngazi, futi kamba shingoni, mkoba kwapani, alisimama Mama.

"Mama Usafi," Fundi akaita bila kugeuka, akidhani ni yule mama anayefagia kuba kila asubuhi, "nipatie hiyo spana ndogo hapo kwenye ndoo."

Mama akaangalia ndoo. Akaokota spana, akaipeleka juu.

"Asante. Leo umewahi. Na sauti ya salamu yako ilikuwa nzito, una mafua?"

"Mafua," Mama akasema.

Popo akafungua mdomo. Mama alimwona, akainua kidole kimoja tu, kile kidole ambacho tangu utotoni hakikuwahi kuhitaji maelezo. Popo akafunga mdomo.

"Una furaha gani asubuhi yote hii?" Mama akauliza.

"Nimeombwa msamaha na mwanamke, Mama Usafi. Hiyo haitokei kila mwaka. Tena na Popo! Kaandika kabisa kwenye daftari."

"Unampenda?"

"Maswali gani hayo kabla ya chai?" Fundi akacheka, halafu spana ikatulia. "Nampenda mpaka naona aibu kusema. Akiingia ile jioni nasahau hata nilikuwa nakaza nini."

"Kwao wanakujua?"

"Wananijua vibaya. Mama yake ni mshonaji hodari. Nyumba yake, sijui nikuambie nini. Makochi yana vitambaa vyeupe, amevifuma mwenyewe, vyeupe mpaka unaogopa kupumua. Na mimi Alhamisi ndiyo siku ya grisi. Natoka hapa mbio kwenda kwao."

"Si unawe?"

"Nanawa mpaka ngozi inalia. Hii inaingia kwenye kucha, haitoki. Basi nakaa ukingoni, mikono katikati ya magoti. Chai inakuja kwenye kikombe chenye maua ya dhahabu. Nikishike na mikono hii? Nanyamaza. Namwacha mama wa watu anadhani nina kiburi."

Mama alikuwa amejiegemeza kwenye ngazi. Popo hakumwona uso.

"Na saa unaiangalia ya nini?" akauliza taratibu.

"Kumbe Popo amekuhadithia mpaka hilo? Saa kumi na moja na nusu lazima niwe hapa. Nisipofika atafungua kuba peke yake, na hili gurudumu la tatu likikwama yeye hana subira, anaingiza mkono. Litamkata vidole siku moja. Sasa nikae nakunywa chai, yeye akatwe vidole?"

"Mbona hukumwambia huyo mama?"

"Nimwambie nini? Mama, kochi lako linanitisha?" Akacheka tena, akajitoa kati ya magurudumu, akaangalia chini kuomba kitambaa.

Aliiona futi kamba kwanza. Spana ilimponyoka, ikagonga kila kipago cha ngazi mpaka sakafuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shuka."

Akashuka. Hakuna mtu aliyewahi kushuka ngazi ile polepole namna hiyo. Mama alimgeukia Popo kwanza.

"Simu umezima, nyumbani hujarudi. Ulikuwa wapi?"

"Hapahapa, Mama. Kuna nyota nilikuwa naipima kila siku saa nne usiku. Kila siku naikuta vilevile. Nikaapa kwamba haibadiliki."

"Ehe."

"Jana nimekaa nayo usiku kucha. Inabadilika, Mama, kuliko zote. Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda saa moja tu."

"Saa ileile kila siku?"

"Ileile."

Mama alimwangalia Fundi kuanzia viatuni hadi kwenye nywele zenye vumbi, kisha akaiangalia mikono aliyokuwa akiificha nyuma.

"Niliwahi kumpima bibi harusi asubuhi, hajala tangu jana yake," akasema. "Siku ya harusi gauni likagoma kufunga. Nikamlaumu yeye." Akavuta pumzi. "Popo, Shangazi yako nitampigia mwenyewe. Jumapili asilete watu. Na vile vitambaa leo navitoa, sabuni ipo." Akavuta futi kamba shingoni. "Wewe, nyoosha mikono."

"Mama, grisi..."

"Nimesema nyoosha. Mkwe wangu hatakaa mbele ya watu na shati lililokazana mabegani hivyo."

Fundi akanyoosha mikono. Mama akaishika bila kuikwepa, akampima bega, akampima kifua, akampima mkono hadi kwenye kifundo cheusi. Popo hakuwa na karatasi. Akafungua daftari la zamu, chini ya habari za Tulia, akaandika kila namba iliyotajwa, na ya mwisho hakuiona vizuri kwa machozi.

"Umemaliza?" Mama akauliza.

"Nimemaliza."

"Andika na saa."

Popo akainua macho ukutani. "Saa mbili na dakika arobaini asubuhi," akasema, na akaandika.